Nani Ashike Drili: Karne ya Waendesha Mitambo Chini ya Ardhi

Historia ya migodi huandikwa mara nyingi kama historia ya dhahabu na shaba, ya bei zake kwenye masoko ya London na ya matajiri waliozifaidi. Wafanyakazi wakitajwa, hutajwa kwa maelfu, kana kwamba wote walifanya kazi moja. Makala haya yanamfuata mtu mmoja katika umati huo: mwendesha mtambo wa chini ya ardhi. Ndiye aliyeshika drili ya hewa Johannesburg zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ndiye anayekaa leo kwenye kiti cha mtambo wa kutoboa mwamba huko Bulyanhulu, Tanzania. Hoja yangu ni kwamba swali la nani apewe mtambo limeamuliwa zaidi na sheria, cheti na hesabu za mwenye mgodi kuliko uwezo wa mtu wa kuuendesha. Kila mtambo mpya ulipoingia mgodini swali hilo lilifunguliwa upya, na waliokuwa na nguvu ndio waliolijibu. Pingamizi dhidi ya hoja hii zipo, tena nzito, nami nitazijibu kila zinapojitokeza.

1886–1911: Drili yaingia Rand

Dhahabu ilipogunduliwa Langlaagte, kwenye ukanda wa Rand penye Johannesburg ya leo, mwaka 1886, wachimbaji wa kwanza waliifuata juu juu kwa sururu na koleo. Haikuchukua muda ikadhihirika kwamba mkanda wa mwamba wenye dhahabu unainama na kuzama mbali sana chini ya ardhi, kwamba ni mwembamba, na kwamba kila tani ya mawe ina dhahabu kidogo mno. Bei ya dhahabu nayo ilikuwa haipandi, kwa kuwa ilifungwa na mfumo wa fedha wa dunia. Mwenye mgodi hakuweza kuuza ghali zaidi, hivyo faida yake ilibaki kutegemea mambo mawili: ujira mdogo na mwamba mwingi unaovunjwa kwa siku. Drili inayosukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa ilikuja kutimiza hilo la pili.

Tuitazame drili hiyo kwa karibu, maana mengi yaliyofuata yalitokana na jinsi ilivyofanya kazi. Mtambo wa chuma ulifungwa kwenye nguzo iliyokazwa kati ya sakafu na dari ya handaki. Mpira mnene ulileta hewa kutoka kompresa iliyokuwa juu ya ardhi, na ndani ya mtambo pistoni iligonga ncha ya chuma mamia ya mara kwa dakika. Ilihitaji mtu wa kuielekeza na wengine wa kukaza nguzo, kubadilisha ncha zilizobutuka na kuvuta mpira. Tundu lilipokuwa linazama, vumbi laini la mawe lilimrudia usoni aliyesimama karibu. Mwamba wa Rand umejaa silika, na chembe zake ndogo zisizoonekana kwa macho hujikita kwenye mapafu na kuyageuza makovu. Waendesha drili wa mwanzo, wengi wao wakiwa watu wa Cornwall huko Uingereza, walikufa wakiwa bado vijana, na kufikia 1902 serikali ilikuwa imeunda tume ya kuchunguza ugonjwa huo. Dawa ya vumbi ilijulikana mapema: mwaka 1897 Mmarekani George Leyner alibuni drili inayopitisha maji ndani ya ncha yake ili vumbi ligeuke tope. Maji hayo yaliifikia migodi kwa kuchelewa, kwa sababu kutandaza mabomba hadi kila uso wa mwamba kulikuwa gharama, na mtu mpya wa kushika drili alipatikana kwa bei nafuu.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa na jambo la kushangaza. Kwenye vitabu vya mishahara, mwendesha drili alikuwa Mzungu. Kwenye uso wa mwamba, aliyeishika na kuisukuma mara nyingi alikuwa Mwafrika, na Mzungu alisimamia drili mbili na kulipua baruti. Tangu 1893 sheria ya Transvaal, dola ya Makaburu iliyotawala Rand wakati huo, iliwawekea Wazungu kazi ya kulipua. Wachina zaidi ya 60,000 walioletwa kuanzia 1904 nao walifungiwa kisheria katika kazi zilizoitwa zisizo za ujuzi. Wamiliki walipotaka kila msimamizi aangalie drili tatu badala ya mbili, wachimbaji Wazungu waligoma mwaka 1907. Walishindwa, na nafasi za wengi zikachukuliwa na Makaburu maskini waliotoka mashambani. Mgomo huo ni ushahidi kutoka vinywani mwa wahusika wenyewe. Kama msimamizi mmoja angeweza kuangalia drili tatu, basi waliozishika walikuwa wanajua kazi. Hofu ya wagomaji ilikuwa kwamba Waafrika wameshaweza, na kwamba siku moja mwenye mgodi atawatambua kwa sababu ni wa bei rahisi.

1911–1926: Cheti chenye rangi

Sheria ya Migodi na Mitambo ya 1911 ilikuja kuituliza hofu hiyo kwa karatasi. Kanuni zake zilitaka cheti cha umahiri kwa kazi kadhaa, zikiwemo kulipua na kuendesha injini za kuteremsha na kupandisha watu, kisha zikasema cheti hicho kisitolewe kwa Mwafrika. Hapa linakuja pingamizi la kwanza: je, cheti si jambo la usalama? Injini ya kuteremsha watu mita elfu moja si ya kuchezewa. Ni kweli, na mgodi usio na vyeti ni mgodi wa vifo. Lakini kanuni ya usalama humpima mtu kisha humpa au humnyima. Kanuni za 1911 zilimnyima kabla ya kumpima, na upungufu huo ulionekana hata mahakamani mwaka 1923, zilipotangazwa kuwa zimevuka mamlaka ya sheria mama.

Kabla ya hukumu hiyo damu ilikuwa imeshamwagika. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia gharama zilipanda, na mwishoni mwa 1921 chama cha wamiliki wa migodi kilitangaza kuondoa Wazungu wapatao elfu mbili kwenye kazi za ujuzi wa kati na kuwaweka Waafrika wa ujira mdogo. Mgomo ulioanza Januari 1922 uligeuka uasi wa silaha, na Waziri Mkuu Jan Smuts akauzima kwa mizinga na ndege za kivita. Watu wapatao 200 walikufa. Wamiliki walishinda vita ile, lakini uchaguzi wa 1924 ulimwondoa Smuts madarakani, na mwaka 1926 serikali mpya ikarudisha ubaguzi wa vyeti, safari hii ukiwa umeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Vizazi vitatu vya Waafrika waliwafundisha kazi vijana wa Kizungu ambao baadaye waliwasimamia.

Vumbi halikujua rangi, lakini fidia ilijua. Mzungu mwenye silikosisi alipimwa na kulipwa kwa mujibu wa sheria. Mwafrika alirudishwa kwao, Msumbiji, Basutoland, Nyasaland au kusini mwa Tanganyika ambako mawakala wa Wenela, shirika la kuandikisha wafanyakazi wa migodi hiyo, walikuwa wakichukua vijana, na kikohozi chake kikahesabiwa kuwa shauri la kijijini. Deni hilo lilianza kulipwa baada ya karne nzima: Julai 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya randi bilioni 5 kwa waliougua na kwa familia za waliokufa.

1906–1955: Mwamba mmoja, mpaka katikati

Anayedai kwamba Mwafrika wa wakati ule hakuwa tayari kwa mtambo na atazame ramani ya ukanda wa shaba. Mwamba uleule unapita Katanga, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na Rhodesia ya Kaskazini, iliyokuwa chini ya Waingereza. Mgodi wa Kipushi uko mpakani kabisa. Historia ni nadra kutupatia jaribio safi namna hii: madini ya aina moja, watu wa jamii zinazopakana, mitambo kutoka viwanda vilevile, na kanuni mbili tofauti.

Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga iliyoundwa 1906, ilianza kama migodi mingine kwa mafundi Wazungu, wengi wao kutoka Afrika Kusini. Mafundi hao walikuwa ghali, waligoma, na Wabelgiji waliwatilia shaka kisiasa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia. Wafanyakazi Waafrika walipewa mikataba ya miaka mitatu, wakaruhusiwa kukaa na wake zao, watoto wakajengewa shule, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Mtu anayekaa miaka mitatu, kisha mingine mitatu, anafundishika. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipowaondoa Wazungu wengi, Waafrika ndio walioachiwa treni, mitambo ya kuchimbua na drili za Kipushi. Upande wa pili wa mpaka, kwenye migodi ya Nkana, Mufulira na Roan Antelope, kazi hizohizo zilishikiliwa na Wazungu, ambao mwaka 1936 waliunda chama chao na baadaye wakapata mkataba wa kuzilinda. Waafrika walipogoma mwaka 1940 walipendekeza kila upande upewe eneo lake la kuchimba ili ionekane nani atatoa madini mengi zaidi. Hawakupewa nafasi hiyo. Huko Nkana wagomaji 17 walipigwa risasi wakafa, na kizuizi cha rangi kikaanza kulegezwa kweli mwaka 1955.

Katanga basi inamaliza ubishi wa uwezo. Inafungua ubishi mwingine, ambao mwandishi mkweli hawezi kuuruka. Je, kumpa mtu mtambo ndiko kumpa haki yake? Union Minière haikuongozwa na imani ya usawa. Iliongozwa na hesabu, maana dereva Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyemtangulia. Desemba 1941 bei za bidhaa zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, na wafanyakazi wa kampuni hiyo huko Lubumbashi waligoma wakidai nyongeza. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa, askari wakafyatua risasi, na makumi ya watu wakafa. Waliouawa walikuwa watu wenye ujuzi ambao kampuni ilijivunia kuwafundisha. Kwa hiyo hoja yangu inahitaji kuongezewa kipande: kushika mtambo kulimpa mfanyakazi mahali pa kudai, kwa kuwa bila yeye mgodi unasimama, lakini hakukumpa bei yake. Bei ilitafutwa na vyama, tena kwa gharama kubwa.

1936–1996: Tanganyika yajifunza, kisha yasahau

Tanganyika ilikuwa na dhahabu yake. Sekenke ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyotengenezewa sarafu za Tabora mwaka 1916. Lupa ilivuta watu miaka ya 1920. Mgodi wa chini ya ardhi ulio mkubwa kuliko yote ulikuwa Geita, uliozalisha kuanzia 1936 hadi 1966. Miaka thelathini inatosha kabisa kuzaa kizazi cha watoboaji wa miamba, madereva wa winchi na mafundi wa kompresa. Tatizo ni kilichofuata. Geita ilifungwa mwaka 1966, Kiabakari nayo ikafungwa mwaka huohuo, na nchi ikabaki bila mgodi mkubwa wa dhahabu. STAMICO, shirika la madini la taifa, iliundwa 1972 na katika miaka ya 1980 ikaendesha mgodi wa Buckreef, jitihada ya kuheshimiwa lakini ndogo mno kubeba urithi wote ule.

Ujuzi wa mtambo hauhifadhiwi kwenye makabati. Unakaa mikononi mwa mtu anayeutumia, na hupita kwa mwingine anayesimama kando yake zamu baada ya zamu. Mgodi ukifungwa, mnyororo huo hukatika. Kilichobaki Tanzania kilikuwa ujuzi wa aina nyingine: wachimbaji wadogo wa kanda ya ziwa na wanaapolo, yaani wachimba tanzanite, wa Mirerani, walioteremka kwenye maduara kwa kamba na kusoma mwamba kwa macho na mtaimbo. Ni ujuzi wa kweli, ulionunuliwa kwa maisha ya watu. Lakini haukuwa na cheti, wala hakuna sera iliyouona kuwa ngazi ya kupandia kwenye mtambo. Maelfu ya waliokuwa wakichimba Bulyanhulu waliondolewa Agosti 1996 ili kupisha leseni ya kampuni. Watu walioujua mkondo ule wa dhahabu kuliko wote hawakuwa wa kwanza kuitwa ulipofika wakati wa kuuchimba kwa mashine.

Mtambo wenye magurudumu

Wakati Tanzania imelala kimigodi, mtambo wenyewe ulikuwa umebadilika. Miaka ya 1960 kiwanda cha Wagner huko Marekani kiliunda mashine fupi ya kuzoa mawe, yenye magurudumu ya mpira na injini ya dizeli, inayopinda katikati ili ipite kwenye handaki. Reli hazikuhitajika tena. Miaka ya 1970 ikaleta drili zinazosukumwa kwa shinikizo la mafuta (haidroliki), zilizofungwa kwenye mikono miwili au mitatu ya mtambo mmoja ambao migodi yote huuita jumbo. Mtu mmoja sasa anafanya kazi iliyofanywa na kikosi.

Kazi yenyewe huenda kwa mzunguko. Baada ya mlipuko handaki huachwa hadi feni ziondoe moshi. Mawe hulowanishwa ili vumbi lisipande, kisha yaliyolegea darini huangushwa, kwa mtaimbo au kwa mtambo. Fundi hugonga mwamba na kusikiliza: mwamba mzima hulia kwa mlio mkali, uliotengana nyuma hulia kama debe tupu. Mtambo wa kuzoa huondoa kifusi. Bolti ndefu na wavu wa chuma hufungwa kushikilia dari. Ndipo jumbo husogea, na opereta hutoboa matundu kwa kufuata ramani iliyochorwa kwenye uso wa mwamba, yale ya katikati yakiwa yamesongamana ili yafungue nafasi ambayo mawe ya pembeni yatabomokea. Akipinda kidogo, baruti itavunja mwamba usiotakiwa, dari itadhoofika, na wenzake watakaofunga bolti watakuwa chini ya hatari aliyoitengeneza yeye. Nguvu za mabega hazihitajiki tena kama zamani; kinachotakiwa sasa ni jicho na uamuzi. Hatari ya mapafu nayo ilibadilika sura, kwa maana maji yalipunguza vumbi lakini injini zikaleta moshi, na mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani.

Tangu 2001: Bulyanhulu

Bulyanhulu ilianza kuzalisha mwaka 2001, na ndio uliokuwa mgodi wa kwanza mkubwa wa kisasa wa chini ya ardhi nchini. Mkondo wake ni mwembamba na unazama karibu wima, hivyo kila sentimita ya ziada inayotobolewa huchanganya dhahabu na mawe matupu. Faida ya mgodi iko mikononi mwa opereta. Walioikalia mitambo mwanzoni, na waliofundisha, wengi walikuwa wageni.

Pingamizi hapa ni la haki: ungetarajia nini? Nchi isiyo na jumbo hata moja haiwezi kuwa na waendesha jumbo. Nakubali, na ndiyo maana nimeeleza yaliyotokea baada ya 1966. Uhaba wa 2001 haukuwa wa asili. Ulitengenezwa na miaka 35 ambayo hakuna aliyepewa jukumu la kutunza ujuzi. Hata Sheria ya Madini ya 1998, iliyofungua milango kwa wawekezaji, ilikuja kabla ya chuo cha kuwapokea vijana. Mpango wa kufundisha mafundi wa migodi katika chuo cha ufundi cha VETA Moshi, kwa ushirikiano na kampuni na Chemba ya Madini, ulianza 2009, miaka minane baada ya Bulyanhulu. Ulipoanza matokeo yalionekana, na leo kumkuta Mtanzania kwenye kiti cha mtambo chini ya ardhi ni jambo la kawaida. Wepesi wa mabadiliko hayo unaonyesha kwamba kizuizi kilikuwa nafasi ya kujifunza.

Lakini somo la Lubumbashi lilijirudia. Mwaka 2007 mgomo wa Bulyanhulu uliishia kwa zaidi ya wafanyakazi elfu moja kufukuzwa kazi. Mwaka 2017 serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia, uchimbaji wa chini ya ardhi ulisimamishwa na mamia ya familia za Kahama zikapoteza kipato. Naiunga mkono haki ya taifa kujua kilichomo kwenye makontena ya makinikia hayo, na makubaliano yaliyozaa Twiga, kampuni ya ubia kati ya serikali na mwekezaji, mwaka 2020 yaliipa nchi asilimia 16 ya hisa. Hata hivyo, kwa miaka ile mitatu opereta ndiye aliyelipa gharama ya kusubiri. Dereva wa lori mgodi ukifungwa huhamia barabarani. Mwendesha jumbo hana barabara ya kuhamia. Ama avuke mpaka, ama ujuzi wake ufe polepole kama ulivyokufa ule wa Geita.

Kiti kinachopanda juu

Cheti chenye rangi kilikuwa na ndugu yake. Mkataba namba 45 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1935, ulipiga marufuku wanawake kufanya kazi chini ya ardhi, isipokuwa wachache kama wauguzi na wasimamizi. Nia ilikuwa kuwalinda na kazi iliyokuwa ikiwavunja, na mwaka ule hoja hiyo ilikuwa na uzito. Drili ilipogeuka kuwa kiti na vishikio, sababu iliondoka lakini marufuku ikabaki. Afrika Kusini ilijitoa kwenye mkataba huo mwaka 1996. Shirika lenyewe liliufuta mkataba huo mwaka 2024, miaka karibu sitini baada ya mitambo ya Wagner kuingia mahandakini.

Sasa kiti kinaondoka chini kabisa. Tangu miaka ya 2000 migodi ya Chile na Afrika Kusini imeendesha mitambo ya chini ya ardhi ikiwa haina mtu ndani yake, na Syama nchini Mali imejengewa mtandao wa nyaya ili opereta akae juu, mbele ya skrini. Kwa usalama wa mtu hili ni jema pasipo shaka. Lakini waya unaofika juu ya mgodi unaweza kufika mbali zaidi: malori ya migodi ya wazi ya Pilbara, Australia, huongozwa kutoka Perth, kilomita 1,500 mbali. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa wazawa zinadai mpango wa ajira, mafunzo na urithishanaji kwa wanaofanya kazi mgodini. Chumba cha skrini nacho kinapaswa kutajwa humo kwa jina, pamoja na mahali kitakapojengwa, wakati waendesha mitambo wa Bulyanhulu na wa Geita iliyofunguliwa tena bado wako kwenye viti vyao na wanaweza kuhamia humo wakiwa na ujuzi wao.